Pima Mkono Kabla ya Chuma: Namna ya Kuanza Kuuza Visu vya Kuagizwa

Kisu cha kwanza nilichouza kilirudi baada ya siku tatu. Nilimtengenezea bi mkubwa mmoja anayeuza pweza na ngisi hapa Wete, Pemba. Nilikitia mpini wa mpingo uliong'arishwa hadi ukawa kama kioo, pete ya shaba shingoni, na bapa nene la milimita nne, kwa sababu ndivyo nilivyovipenda visu vyangu mwenyewe. Alikuja nyumbani baada ya sala ya alasiri, akakiweka juu ya baraza, kisha akanifungulia kiganja chake. Kilikuwa na malengelenge mawili chini ya kidole cha shahada.

"Maalim," akaniambia, "kisu kizuri, lakini hukunitengenezea mimi."

Nikamrejeshea pesa zake. Wakati ule nilikuwa nimeishi na visu zaidi ya miaka thelathini. Ami yangu alikuwa baharia, aliniletea kisu cha kukunja kutoka Mombasa nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo sikuacha. Nilisomesha hisabati skuli, na jioni nikaenda kukaa kwa mhunzi wa kijijini kwetu, nikavuta mivukuto huku nikimtazama anavyofua majembe. Chini ya kitanda nilikuwa na sanduku la visu sitini. Niliijua springi ya gari na tupa kuukuu kwa mlio tu, ukiigonga. Lakini mikono ya watu nilikuwa siijui, na biashara ya kisu cha kuagizwa inaanzia hapo.

Haya ninayoyaandika ni kwa mwenzangu mwenye sanduku kama lile, ambaye sasa anataka visu vimlishe.

Anza kwa kunoa

Usiuze kisu hata kimoja kabla hujanoa vya watu mia mbili. Baada ya yule bi mkubwa niliweka nyundo chini, nikanoa kwa miaka miwili, kila Jumamosi na Jumapili asubuhi, mbele ya nyumba, na meza moja, vinoo vitatu na ndoo ya maji. Kisu kidogo shilingi 500, kikubwa 1,000. Pesa hizo ndizo zilizonunua grinda yangu ya kwanza.

Faida kubwa zaidi ilikuwa daftari. Kila kisu kilichopita mikononi mwangu nilikiandika: mwenyewe anafanya kazi gani, makali yamekufa sehemu gani, mpini umelegea wapi. Mtu aliyezungusha mpira wa baiskeli kwenye mpini anakuambia kuwa mpini ni mwembamba kwa kiganja chake, au unateleza. Aliyekatika ncha anafungulia vitu kwa kisu cha kukatia. Makali yakilika karibu na mpini tu, ncha ikabaki mpya, basi bapa ni refu kuliko kazi yake, na nusu ya chuma alichokinunua anakibeba bure.

Mwaka ulipoisha nikaliona lile ambalo ukusanyaji wangu wote haukunionyesha. Wauza samaki walikuwa wanalalamikia mpini. Wachinjaji walilalamikia makali yasiyodumu hadi mnyama wa tatu. Wapishi wa shughuli, wanaokata gunia zima la vitunguu kabla ya alfajiri, walilalamikia uzito. Hakuna aliyelalamikia urembo.

Oda: karatasi, kalamu na sabuni ya mche

Mteja akija simwonyeshi kisu kwanza. Nikimwonyesha, atataka kile alichokiona. Namuuliza anakata nini, kwa muda gani kwa siku, amesimama au ameketi, mkono wake huwa mkavu au una maji, na nani mwingine nyumbani atakigusa. Namuuliza pia kama anakata juu ya ubao.

Swali la ubao ni kubwa kuliko linavyosikika. Wengi wa kina mama wa kwetu hukata kitunguu na mchicha mkononi, wameketi juu ya kigoda, makali yakielekea kidole gumba. Kisu kipana cha mpishi wa hoteli ni adhabu kwa mtu huyu. Anahitaji bapa fupi la sentimita 10 hadi 12, jembamba, lenye mgongo uliosagwa ukawa mviringo ili usimkwaruze kidole. Mpishi wa hoteli za Kiwengwa au Nungwi anasimama na anakata ubaoni, kwa hiyo bapa lake lazima lishuke chini ya mpini kiasi cha kutosha vidole visigonge ubao. Hawa ni watu wawili, na kisu kimoja hakiwezi kuwafaa wote.

Halafu mteja anaweka mkono juu ya karatasi, naufuatisha kwa kalamu. Ninapima upana wa kiganja na urefu wa kidole cha kati, na ninaandika kama anatumia mkono wa kushoto. Baadaye nachonga mpini wa majaribio kwa kipande cha sabuni ya mche. Sabuni inachongeka kwa dakika kumi, inauzwa kila duka, na ina sifa moja ambayo mbao haina: ikilowa inateleza kama pweza. Mteja anailowesha, anaishika, anafanya kama anakata. Kinachomsumbua anakisema palepale, nami napunguza palepale. Ikishikika ikiwa imelowa, ndipo naihamishia kwenye mbao.

Oda inaandikwa, mteja anaweka saini, anatoa arbuni ya nusu. Usianze kazi bila arbuni. Hata ndugu yako akuwekee, maana kisu kilichopimwa kwa mkono wa mtu mmoja ni vigumu kumuuzia mwingine.

Chuma

Ninatumia springi za gari, zile bapa zinazobanwa chini ya mzigo. Chuma chake huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, kinafulika vizuri, kinashika makali, na kinavumilia kosa dogo la moto. Tupa kuukuu iliyo nzima ina kaboni zaidi, kwa kawaida asilimia 1 hivi, na inatoa makali makali sana, lakini ni kavu, ukiidondosha sakafuni inaweza kukatika. Jihadhari na tupa za bei rahisi: nyingine ni ngumu juu tu, ndani chuma laini. Nondo za ujenzi ziache kwa wajenzi.

Springi iliyochoka ina nyufa usizoziona. Isugue mpaka ing'ae, ipake mafuta mepesi, ifute, kisha inyunyizie chokaa au unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatachungulia na kuchora mstari. Miaka yangu ya ubaoni haikuninyima chaki.

Kila springi mpya naijaribu kabla ya kuikata visu. Nakata kipande cha kidole kimoja, nakipasha moto mpaka kinapita rangi ya damu, nakizamisha kwenye mafuta, kisha nakibana na kukivunja kwa nyundo. Kikikunjika, si chuma cha kisu. Kikivunjika, natazama ndani: punje zikiwa laini za kijivu, kama majivu yaliyochekechwa, chuma ni kizuri na moto wangu ulikuwa sawa. Zikimetameta kama sukari, nilizidisha moto. Jaribio hili halina gharama na limeniokoa mara nyingi.

Moto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kisu kinapozaliwa au kufa.

Tanuri langu ni ngoma ya breki ya gari iliyofukiwa kwenye udongo wa kichuguu, na bomba la hewa kutoka chini. Hewa inatoka kwenye mashine kuukuu ya kukaushia nywele. Bomba lisiwe la bati au lililopakwa zinki, maana zinki ikiungua inatoa moshi unaomtia mtu homa usiku mzima. Fuawe yangu, ninayofulia chuma juu yake, ni kipande cha eksili ya lori kilichosimamishwa ndani ya gogo. Mkaa wa vifuu unawaka kwa ukali na usafi kuliko mkaa wa mti, nami nachanganya yote miwili. Na usijenge tanuri chini ya makuti. Nimeona cheche moja ikipanda, ikakaa dakika kumi bila kuonekana, kisha paa zima likashika. Paa langu ni la bati, na ndoo mbili za mchanga ziko mlangoni daima.

Baada ya kufua na kusaga umbo, chuma kinahitaji kupumzishwa. Kipashe moto hadi sumaku isikishike, kitoe, kiache kipoe chenyewe penye kivuli pasipo upepo. Fanya hivyo mara tatu. Nyundo imekiacha chuma na mikazo ndani, na ukikiruka kipindi hiki utauona mkazo baadaye, kisu kikijipinda kama ndizi ndani ya mafuta.

Sumaku ndiyo kipimo changu. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770 hivi. Naifunga sumaku ya spika mbovu kwenye fimbo ya chuma, nagusisha. Ikiacha kushika, narudisha kisu motoni kidogo tena, rangi ipande kutoka wekundu hadi karibu na chungwa bivu, sawasawa kutoka shingoni mpaka nchani. Fanya kazi hii jioni au penye giza. Mchana wa Pemba rangi ya chuma inakudanganya, utazidisha moto bila kujua.

Kisha kukitia maji, yaani kukipoza ghafla ili kigumuke. Wahunzi wetu wanasema hivyo, nami naendelea kusema hivyo ingawa ninatumia mafuta. Mzee aliyenifundisha alitia majembe yake kwenye maji kweli, na chuma chake kilistahimili. Springi ukiitia kwenye maji mara nyingi inapasuka. Utasikia "tik" moja ndogo, na kazi ya siku mbili imekwisha. Natumia lita tano za mafuta ya kupikia kwenye mkebe mrefu wa chuma, nikiyapasha kwanza hadi nyuzi 50 au 60 kwa kuzamisha kipande cha nondo ya moto. Mafuta ya vuguvugu yanapoza haraka kuliko ya baridi, kwa sababu ni mepesi. Zamisha kisu wima, ncha kwanza, kisogeze mbele na nyuma kama unakata, usikitikise upande kwa upande. Mafuta yakishika moto, funika mkebe kwa kifuniko chake. Usimwagie maji hata tone.

Kikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, chuma kimegumuka. Sasa ni kigumu na ni kikavu vilevile, kama gilasi. Usikiache mpaka kesho. Usiku uleule kiingie kwenye oveni kwa nyuzi 200, saa mbili, kitoke kipoe, kisha kirudi saa mbili nyingine. Namba za joto kwenye oveni za nyumbani hazisemi kweli, kwa hiyo nunua kipimajoto cha kuweka ndani, na ulaze visu juu ya sinia la mchanga ili joto litulie. Bapa ulilolisugua litageuka rangi ya majani makavu. Likiwa buluu umepita, kisu kitakuwa laini, rudia tangu mwanzo.

Umeme ukikatika katikati usihangaike. Ukirudi, endelea, saa zilizopita hazipotei. Nayasema haya kwa shukrani, kwani kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010 tulitegemea majenereta, na nisingethubutu kumuahidi mteja tarehe.

Mpini na ala

Mbao ikaushwe. Kisiwa chetu kina masika na vuli, hewa yake ina unyevu, na mbao iliyo mbichi itasinyaa baada ya kisu kuuzwa. Ninapima kipande kwenye mizani ya duka kila wiki mbili na kuandika juu yake kwa kalamu. Uzito ukiacha kushuka kwa miezi miwili, kiko tayari.

Ninaupenda mti wa mkarafuu uliokufa kwa uzee: mgumu, mzito, na mteja wa Pemba anaujua ni mti gani. Mfenesi ni wa manjano na unachongeka kwa upole. Pembe ya ng'ombe inapatikana kwa wachinjaji, ukiichemsha inalainika na kunyooka. Mpingo unatoka bara, na uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, kwa hiyo uliza kabla ya kupeleka nje mzigo. Gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, usiliguse kabisa, hata mtu akikuletea la babu yake. Ng'amba analindwa na sheria. Mbao zote nazibana kwa gundi ya epoksi pamoja na misumari ya shaba, kisha nazipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Sing'arishi tena mpini hadi kuwa kioo. Naishia msasa namba 400 kwa wapishi, namba 220 kwa wauza samaki, ili kiganja kipate pa kushika.

Ala ya ngozi ni nzuri kwa kubebea kisu, si kwa kukihifadhia. Ngozi hunywa unyevu wa chumvi na kuulaza juu ya chuma. Wavuvi nawatengenezea ala za bomba la PVC: lipasue, lipashe joto taratibu mpaka lilainike, likunje juu ya kisu kilichofungwa kwa gazeti, libane hadi lipoe. Usiliunguze, moshi wake ni sumu. Toboa tundu chini maji yatoke.

Kutu, na mafuta yetu wenyewe

Sema wazi tangu siku ya oda: hiki si chuma cha stenlesi, kitashika kutu ukikitelekeza. Stenlesi inahitaji moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 uliodhibitiwa kwa makini, na tanuri la mkaa haliwezi kuutoa. Mtu akitaka stenlesi namuelekeza anunue dukani, namnolea vizuri, na wengi wanarudi baadaye kwa kisu changu.

Kila kisu kinatoka na kichupa. Wajapani kwa karne nyingi wamezipaka panga zao mafuta waliyoyaita choji, na choji ni karafuu. Nilipolisoma hilo nilitoka nje nikaitazama mikarafuu iliyo nyuma ya nyumba yetu kama ninaiona leo. Nachanganya matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye mafuta ya nazi safi. Machache kweli, kwani mafuta ya karafuu matupu yanachoma ngozi na kuharibu plastiki. Maelekezo ninayompa mteja ni matatu: osha, kausha, paka, kabla hujakaa kula.

Makali kwa hesabu

Hapa hisabati yangu imenisaidia kuliko kifaa chochote. Watu hawawezi kushika pembe ya digrii 15 kwa kukisia, lakini kila mtu anaweza kupima robo. Pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo. Laza kisu juu ya kinoo, inua mgongo kwa robo ya upana huo: kisu cha milimita 40, inua milimita 10. Hapo umepata kama digrii 14 na nusu, pembe ya kisu cha jikoni. Inua theluthi, unapata digrii 19 na nusu, ya kisu cha kuchinja na cha mvuvi. Nachonga kijiti cha kipimo kwa kila kisu ninachouza na kumpa mteja pamoja nacho. Wahenga walisema kinolewacho hupata, na mteja anayejua kunoa mwenyewe hatakilaumu chuma changu.

Kijaribu kabla hakijajaribiwa

Marekani kuna chama cha wafua visu, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa 1976. Anayetaka kupandishwa daraja anatakiwa kwa kisu kilekile kimoja akate kamba inayoning'inia, aukate ubao vipande, kisha makali yawe bado yananyoa nywele, na mwisho kisu kibanwe kikunjwe digrii 90 bila kuvunjika. Niliipenda sana heshima iliyomo kwenye jaribio hilo.

Langu ni dogo zaidi. Kila kisu kinakata kamba ya makumbi mara hamsini, kisha kinapasua karatasi. Halafu nayaegemeza makali kwenye fimbo ya shaba nyeupe na kubonyeza: yanapaswa kuinama kidogo na kurudi. Yakibaki yameinama, chuma ni laini. Yakimeguka, ni kikavu. Na katika kila springi nakitoa kisu kimoja kufa, nakikunja mpaka kivunjike. Naumia kila mara. Lakini mchinjaji anayesimama mbele ya ng'ombe hana nafasi ya kugundua kosa langu.

Bei

Nilipoanza tena, niliuza kisu cha mpishi kwa shilingi 45,000 na nilidhani nafaidi. Kisha nikakaa na kalamu. Chuma 3,000, mkaa 4,000, misasa na mawe ya grinda 7,000, mbao na shaba 4,000, gundi 3,000, umeme na mafuta 2,000, ala 7,000. Jumla 30,000. Inabaki 15,000 kwa saa kumi na moja za kazi, hazifiki 1,400 kwa saa. Na hapo sijahesabu kwamba katika kila visu kumi kimoja kinanifia kwenye mafuta.

Leo kisu hicho ni 110,000, na oda zimeongezeka. Cha kina mama cha kukatia mkononi ni 30,000, maana nakifanya kwa saa tatu na sitaki kiwe mbali nao. Andika saa zako kwa ukweli, pamoja na zile za kuongea na mteja na kuchonga sabuni. Mtu anayekipenda anachokifanya huwa hazihesabu, na ndivyo anavyojikuta anafanya kazi ya sadaka huku akiiita biashara.

Jisajili mapema. Jina la biashara nimelisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, kwa kodi nimejisajili Mamlaka ya Mapato Zanzibar, leseni iko baraza la mji. Hoteli hazinunui kwa mtu asiye na risiti.

Msimu, na mtu wa kumnyima

Oda zangu kubwa ni za Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja. Nafungua daftari Mfunguo Mosi, na nalifunga ikibaki mwezi mmoja, hata mtu akibembeleza. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kunoa kisu na kumpumzisha mnyama, kwa hiyo kisu cha haraka haraka kwa kazi hii ni kumdhulumu mnyama na mwenye kuchinja. Cha mbuzi nakifanya bapa la sentimita 15 hadi 18, cha ng'ombe 25 hadi 30, lisilo na pengo hata dogo. Napitisha ukucha urefu wote wa makali kabla ya kukifunga.

Jambia natengeneza kwa bwana harusi tu, butu pande zote. Kijana akija kuniagiza kisu cha makali mawili cha kuficha kiunoni, namkaribisha chai, naongea naye, na simtengenezei.

Visu vya Unguja vinakwenda na boti, ncha imechomekwa kwenye kipande cha kumbi, vimefungwa katoni mbili. Mgeni anayeondoka kwa ndege namwambia akiweke kwenye mzigo mkubwa, si mkoba wa mkononi.

Kuhusu kuacha ajira: niliendelea kusomesha mpaka daftari lilipokuwa na oda za miezi mitatu mbele kwa mwaka mzima mfululizo. Na wakati wote nilivaa miwani na barakoa kwenye grinda, hata kwa kazi ya dakika moja. Vumbi la chuma na la mbao halitoki kifuani.

Kila kisu nilichokiuza nakinoa bure mara ya kwanza kikirudi, na sinoi kabla sijakitazama kwenye mwanga na kuandika kilivyotumika. Yule bi mkubwa wa pweza sasa ana kisu cha nne. Bapa lina milimita mbili, mpini ni mfenesi wenye tumbo katikati na pembe ndogo nyuma ya kumzuia mkono. Mwezi uliopita alimleta binti yake. Nilimpa sabuni, akailowesha, akaishika, akasema inambana kidole cha mwisho. Nikapunguza milimita tatu nyuma, nikampa tena.